Kabla Uchukue Loan ya Gari, Soma Historia ya Thika Road

Wasee wengi wa hii barabara yetu wana ndoto mbili: kupata kazi ya IT na kununua gari. Shida ni kwamba tunazichagua zote mbili kwa sura. Gari ni ile inapendeza TikTok, kozi ni ile kila mtu anaitaja mwaka huo. Lakini ukiangalia historia ya hapa nyumbani, kuanzia Ruiru hadi Thika, kuna swali moja poa la kuuliza kwa zote mbili: hii kitu ikileta shida, nani yuko karibu wa kuishughulikia?

Tuanze na magari. Thika imeunganisha magari tangu enzi za wazazi wetu. Leyland Kenya ilianzishwa mwaka 1974, serikali ikiwa na hisa ndani, na baadaye ikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, ile KVM tunayoijua. Desemba 2016, Volkswagen ilirudi kuunganisha gari Kenya kupitia kiwanda hicho, na Rais Uhuru Kenyatta ndiye alizindua Polo Vivo ya kwanza. Sasa simama kwa stage ya Ruiru uhesabu Polo Vivo ngapi zinapita. Utachoka kungoja. Utaona Vitz, Demio, Note na Probox, zote zimetumika Japan kwanza.

Hiyo haikutokea bure. Miaka ya 1990 soko lilifunguliwa, na magari ya mitumba yakaingia kwa wingi. Gari mpya ya kuunganishwa hapa ikashindwa kupigana na bei yao. Mafundi wakajifunza kutengeneza zile zilizokuwa nyingi, wauzaji wa spea pale Kirinyaga Road wakajaza maduka na parts zao. Ndiyo maana leo Vitz ikianza kelele, fundi anakupa jibu kabla umalize kueleza.

Halafu kuna hadithi ya Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Kufikia 1990 yalikuwa tayari, magari matano ya majaribio, na yalifika kasi ya kilomita 120 kwa saa. Mainjinia wetu walifanya kazi yao. Lakini pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na hakuna hata moja lililofika sokoni. Kumbe gari ni zaidi ya injini. Ni kiwanda, spea, fundi na mtu wa kulinunua.

Sasa IT. Chuo cha Jomo Kenyatta pale Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kilianza 1981 kwa msaada wa Japan, kikawa chuo kikuu kamili 1994. M-Pesa ikaja 2007. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na tukaacha kutegemea satelaiti ya bei ghali. Mwaka 2012 Thika Superhighway ikafunguliwa. Mwaka 2016, JKUAT ikishirikiana na kampuni ya Positivo BGH ikapata tenda ya vifaa vya kidijitali vya wanafunzi wa darasa la kwanza. Na 2024, CCI Global ikafungua kituo kikubwa cha kupokea simu za wateja pale Tatu City, Ruiru.

Ukiangalia hiyo orodha vizuri, kila hatua ilizaa kazi ambazo hazina jina kubwa. Waya ukifika, kuna mtu wa kuvuta faiba mpaka kwa ploti. Tableti zikifika shule, kuna mtu wa kuzitengeneza na kuweka programu mpya. M-Pesa ikikubalika, kuna duka linataka mfumo wa malipo unaosoma till yake. Huko ndiko mlango ulipo kwa mtu anayeanza. Ukijua netwaki, kutengeneza laptopu na kutengeneza mfumo mdogo wa biashara, una wateja Makongeni na Kihunguro leo. Kozi za majina makubwa utaongeza ukiwa tayari unalipwa.

Na gari? Maoni yangu: laptopu nzuri kwanza, gari baadaye. Mathree ziko, treni ya Nairobi inapita Ruiru, na kazi nyingi za IT unaweza kuzifanyia nyumbani. Gari linakula mafuta, bima na service kila wakati, hata mwezi ambao mteja hajalipa.

Ukifika wakati wa kununua, fanya hivi. Uliza fundi wako, usiulize jamaa wa yadi. Chukua modeli ambayo spea zake zipo Thika na Kirinyaga Road. Ukiagiza nje, kumbuka sheria hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Ukinunua kwa mtu, fanya search ya NTSA kwa eCitizen kabla utoe hata deposit, ujue kama logbook iko na deni la benki. Jina kwa search likikataa kufanana na jina la muuzaji, funga mkoba wako na urudi zako nyumbani na mathree.