Linux na tasnifu yangu: chombo kilichozaliwa vyuoni

Leo naomba nikurudishe nyuma hadi mwaka 2008. Nilikuwa mwaka wa nne chuoni, na tasnifu yangu yote, kurasa sitini na kitu, ilikuwa ndani ya flashi ya MB 512. Siku tatu kabla ya kuikabidhi nikaenda saiba kuchapisha rasimu. Niliporudi bwenini na kuchomeka flashi kwenye kompyuta ya rafiki, folda zangu zilikuwa zimetoweka. Mahali pake palikuwa na vitu vyenye majina yale yale, lakini ukivibofya havifunguki. Virusi. Waliosoma miaka ile wananielewa.

Jamaa wa chumba cha pili, ambaye tulizoea kumcheka kwa ushabiki wake wa Linux, akaniambia, "Lete hiyo flashi, na usiguse kitu." Akatia diski ya Ubuntu, akawasha kompyuta kwa diski hiyo, akachomeka flashi. Folda zangu zote zikaonekana! Mimi nilidhani ni uchawi, kumbe sababu ni rahisi. Virusi hivyo havikuwa vimefuta chochote. Viliziwekea folda alama ya kufichwa ambayo Windows huiheshimu. Linux haiijali alama hiyo: kwake faili iliyofichwa ni ile ambayo jina lake linaanza na nukta. Na programu ya virusi, kwa kuwa iliandikwa kwa ajili ya Windows, ilikaa pale kama jiwe.

Usiku ule nikamwomba ile diski. Tangu siku hiyo kazi zangu zote za masomo nimezifanyia kwenye Linux, na kila mara nimekutana na mtu anayeniambia kwamba huo ni mfumo wa mafundi, haumfai msomi. Historia inasema kinyume kabisa.

Tuanze na Unix, babu yake Linux. Ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Walipotaka kompyuta bora zaidi, aina ya PDP-11, wakubwa wao walisita. Wakaipata kwa kuahidi kwamba wangetengeneza mfumo wa kupanga maandishi. Mwaka 1971 wachapaji wa idara ya hataza wakaanza kuutumia kuandaa maombi yao. Yaani Unix ilipata ugali wake wa kwanza kwa kuandika nyaraka!

Mwaka 1977 profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alichukizwa na jinsi kitabu chake kilivyopangwa na wachapishaji. Akaketi kuandika programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa, TeX. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport akaijengea juu LaTeX, ambayo hadi leo wanahisabati na wanafizikia huiandikia tasnifu zao.

Richard Stallman naye alikuwa katika maabara ya MIT. Printa mpya ya maabara ilikuwa ikikwama, akaomba msimbo wa programu yake ili airekebishe, akanyimwa. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Huko Amsterdam, mwaka 1987, mwalimu Andrew Tanenbaum akatoa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia uliofuatana na kitabu chake. Mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, akakisoma kitabu hicho. Alitaka kuzifikia kompyuta za chuo akiwa nyumbani, akaandika programu ya kumwezesha, programu ikakua, na mwaka 1991 ikawa Linux. Mapema katika miaka ya 1990 walimu wawili wa Auckland, Ross Ihaka na Robert Gentleman, wakaanzisha R, ambayo leo watafiti wengi huitumia kwa takwimu.

Umeona mtindo? Karibu wote ni watafiti, walimu na wanafunzi waliokwama katika kazi zao wenyewe.

Na sisi tumo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha Ubuntu, na hadi 2011 ukiomba diski ulitumiwa kwa posta bila malipo. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na kupakua MB 700 ilikuwa ndoto.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikuwa mteremko. Nilimpelekea msimamizi wangu sura ya kwanza kama nilivyoihifadhi kwenye OpenOffice, akanipigia simu: "Kijana, umeniletea nini? Naona madude tu." Nikaibadilisha iwe faili ya Word, majedwali yakahama kurasa. Mwisho nikajifunza kanuni ninayoifuata hadi leo: ya kusahihishwa pamoja, kubalianeni mapema mtatumia aina gani ya faili, ya kukabidhi, itoe kwa PDF, ya kuhifadhi, itunze katika ODF, ambayo tangu 2006 ni kiwango cha kimataifa cha ISO na haimilikiwi na kampuni moja.

Majuzi niliitafuta ile tasnifu na kuifungua kwa LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Ikafunguka na majedwali yake yote, pamoja na makosa yangu ya tahajia. Kwa msomi, hilo ndilo la kuangalia unapochagua mfumo: je, kazi yako utaweza kuisoma miaka ijayo bila kumwomba mtu ruhusa?

Jamaa wa chumba cha pili, popote ulipo, asante. Tulikucheka bure.