Maji ya Gura na Mafuta ya Papa

Mukurweini, sehemu ya kusini ya Kaunti ya Nyeri iliyopewa jina la mti wa mũkũrwe, iko mbali na bahari kiasi kwamba habari za papa haziaminiki kuihusu kwa lolote, lakini mito yake inasema vingine. Mto Gura, unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua na kusifika kwa kasi yake, hupita pembezoni mwa eneo hilo na kuungana na Sagana, ambao wenyeji huuita Thagana; nao Sagana huingia katika Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unaosafiri takriban kilomita 1,000 hadi kumwaga maji yake Kipini, katika ghuba ya Ungwana. Ghuba hiyo yenye maji ya tope ni miongoni mwa mahali ambapo papa wachanga hukulia, na kwa sababu hiyo historia ya hifadhi ya papa nchini Kenya haiwezi kuandikwa kwa kutazama ufuko peke yake.

Wakazi wa vilima hivi hawakuwa wavuvi. Kwa Wakikuyu wa zamani samaki hakuhesabiwa kuwa chakula cha watu, na hata jina lake katika lugha yao, thamaki, linaonyesha kuwa lilipokewa kutoka Kiswahili. Mnamo 1905 mlowezi Ewart Grogan alitia katika mto Gura trauti, samaki wa maji baridi waliotoka Scotland, lakini hao walikusudiwa mchezo wa walowezi wenye mishipi, si chungu cha mwanakijiji. Mabadiliko makubwa yalikuja zaidi ya karne moja baadaye, serikali ilipoanza mwaka 2009 kugharimia uchimbaji wa mabwawa ya samaki mashambani na kujenga kiwanda cha kusindika samaki huko Wamagana, Tetu. Ngege na kambare waliingia jikoni kwa njia hiyo, papa hakuingia.

Pwani, kinyume chake, papa alikuwa sehemu ya chombo chenyewe. Papa hana kibofu cha hewa kama samaki wengi wenye mifupa, na badala yake huelea kwa msaada wa ini kubwa lililojaa mafuta, ambalo mabaharia walijifunza kuliyeyusha ili kupata sifa, yaani mafuta ya kupaka mbao za jahazi zisipasuke kwa jua wala kuoza kwa maji. (Neno hilo halina uhusiano na sifa za kumtukuza mtu, wala aliyewahi kusikia harufu ya mafuta hayo hawezi kuyachanganya mawili hayo.) Sifa ilipakwa sehemu ya juu ya chombo, na chini, mahali panapokaa majini, ilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaozuia wadudu wanaotoboa mbao. Kazi hizo mbili, pamoja na kalafati, ambayo ni kuziba nafasi baina ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, zilirudiwa kila chombo kilipopandishwa pwani.

Ujuzi huo ni wa kale, tena haukuwa wa Waswahili peke yao. Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia aliyevuka bahari ya Shamu mwaka 1183, alieleza vyombo vya huko vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, vikapakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, na akayataja haya ya mwisho kuwa bora kuliko yote. Vyombo vya kushonwa vilijulikana pia katika Afrika Mashariki tangu karne ya kwanza, na wa mwisho wa ukoo huo, mtepe wa visiwa vya Lamu wenye tanga la mkeka, uliendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20 kabla ya kushindwa na majahazi ya misumari. Sifa iliyapata majahazi hayo pia na kuendelea kutumika, hadi rangi za viwandani na injini zilipoipunguzia kazi.

Papa mmoja hakuacha kitu. Nyama yake, iliyopasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa, ilikuwa mzigo wa kawaida wa majahazi yaliyofuata kaskazi kutoka Oman, Hadhramaut na pwani ya Somalia hadi Zanzibar na Mombasa, kwa kuwa huvumilia safari ndefu bila barafu na gharama yake ilimfaa mtu wa kipato kidogo. Mapezi yalikwenda upande mwingine kabisa, hadi kwa wanywaji wa mchuzi nchini China. Biashara ya nyama na sifa ilikuwa na kikomo cha asili, kwani mlaji na jahazi vyote vina kiasi. Biashara ya mapezi haikuwa nacho, na bei yake ilipopanda kuelekea mwisho wa karne ya 20, papa alianza kuvuliwa kwa ajili ya kiungo kimoja.

Katika karne hiyohiyo watengenezaji wa vyombo vidogo vya starehe walianza kuazima umbo la papa badala ya mwili wake. Mmarekani Tom Blake alifunga pezi chini ya ubao wa kuteleza juu ya mawimbi mwaka 1935 ili usiyumbe, na tangu hapo mapezi ya mbao hizo, pamoja na zile za kafi, ambazo mtu husimama juu yake na kupiga kafi ndefu, yamechongwa kwa mkunjo unaokumbusha pezi la mgongoni la papa. Wengine wamejaribu kuiga ngozi yake, iliyofunikwa na vijimeno vidogo vinavyoelekeza maji nyuma, kama ilivyofanywa katika mavazi ya kuogelea ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, ingawa majaribio ya maabara yaliyofuata hayakuona kwamba kitambaa hicho kilifanya kazi ya ngozi yenyewe. Mbao za kafi sasa zaonekana Diani na katika hori ya Mida, Watamu. Kwa mtazamo wa historia hatua hii si ndogo, kwa sababu fundi wa jahazi alihitaji papa afe na fundi wa ubao hahitaji hilo. Lakini umbo lililoigwa halimkingi papa na wavu wowote.

Wavu huo uko Ungwana. Papa pingusi, mwenye kichwa cha umbo la nyundo, hukaa na mimba kwa miezi 9 hadi 12, huchelewa kupevuka, na huzaa watoto wanaohesabika, tofauti na samaki wanaotaga mayai kwa maelfu. Watoto hao hujificha katika maji ya tope karibu na pwani, palepale wanapovuliwa kamba. Meli za kukokota nyavu za kamba zilisimamishwa katika ghuba hiyo mwaka 2006 na kuruhusiwa tena mwaka 2011, na watoto wa pingusi wamekuwa wakinaswa pamoja na kamba bila kukusudiwa. Mmoja wa jamii hiyo, anayepatikana katika maji ya Kenya, aliwekwa mwaka 2019 katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Hapa ndipo Mukurweini inaporudi. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa kwenye Tana, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, hunasa udongo mwingi wa nyanda za juu na kupunguza mafuriko yaliyolisha mikoko na kamba wa mdomo wa mto. Udongo ulio hasara kwa mkulima wa Gura ulikuwa pia neema kwa viumbe wa ghuba, na uhusiano huo ni mgumu kuliko wahifadhi wengi wanavyopenda kuueleza. Hazina ya maji ya Tana ya juu, iliyozinduliwa mwaka 2015, inawasaidia wakulima wa mabonde ya Sagana na Gura kuchimba matuta na kupanda nyasi kingo za mashamba, lakini hesabu zake ni za maji ya Nairobi na uhai wa mabwawa; papa hamo.

Sheria iliyopo inamtazama papa akiwa bidhaa. Pingusi watatu waliwekwa mwaka 2013 chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na pingusi wote wakaongezwa mwaka 2022, kwa hiyo mapezi yao hayawezi kuvuka mpaka bila kibali kinachothibitisha kuwa uvuvi haudhuru. Mkataba huo unahusu biashara baina ya nchi tu. Mtoto wa pingusi anayenaswa Ungwana na kupikwa Kipini au Ngomeni jioni hiyohiyo havuki mpaka wowote, wala hahitaji kibali.