Mori wa Hisa: Nairobi, 2002 hadi 2009

Katika makala haya tunakusudia kulitazama neno hisa kwa jicho la historia. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni fungu la mtu katika mali ya shirika. Mwalimu anayelifundisha Magarama, Gitega, au kule Muyinga aghalabu hutoa maana hiyo na kupita. Soko kongwe la hisa katika eneo letu liko mbali, Nairobi, na lilianzishwa mwaka 1954. Hata hivyo, mwenendo wake si mgeni kwa yeyote aliyelelewa na kahawa.

Tuanze basi na kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na kufikia 1977 bei ya dunia ilikuwa imepita dola 3 kwa ratili. Bei ikipanda, kila mtu hupanda mibuni. Lakini mbuni huchukua miaka mitatu hivi kuzaa, kwa hiyo mavuno ya tamaa hufika sokoni wakati mmoja, bei ikiwa tayari imelegea. Hisa nazo zina miche yake: wakati wanunuzi ni wengi, wenye makampuni huzitoa mpya kwa wingi.

Ndivyo ilivyokuwa Kenya. Mwishoni mwa 2002 fahirisi ya Soko la Hisa la Nairobi, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni 20, ilikuwa kama 1,360. Januari 2007 ilipita 6,000. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2006, serikali iliuza sehemu ya kampuni ya umeme ya KenGen kwa shilingi 11.90 kwa hisa, nazo muda mfupi baada ya kuingia sokoni zikauzwa karibu shilingi 40. Hapo ndipo mori ulipowapanda watu. Eveready, watengenezaji wa betri wa Nakuru, wakafuata mwaka huohuo kwa shilingi 9.50, na maombi yakazidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa. Ni wangapi waliouliza betri zitauzwa vipi, ilhali zile za bei nafuu kutoka nje zilikuwa zimejaa madukani? Bei ilishuka chini ya ile ya mwanzo, na mwaka 2014 kiwanda cha Nakuru kikafungwa.

Kilele kilikuwa Safaricom. Kuanzia tarehe 28 Machi 2008 serikali ilitoa hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni, na benki zilikopesha fedha za kununulia. Maombi yalizidi mara tano. Dalili mbaya, kwa maoni yetu, zilikuwa wazi kwa aliyetaka kuziona: fahirisi ilikuwa imeshuka tangu Januari ya mwaka uliotangulia, nchi ilikuwa imetoka katika ghasia za uchaguzi, na kampuni ya madalali ya Nyaga ilikuwa imewekwa chini ya msimamizi mwezi huohuo wa Machi. (Ile ya Francis Thuo ilikuwa imeanguka 2007.) Lakini gumzo la mitaani lilihusu faida ya siku ya kwanza tu. Ya kampuni yenyewe hayakuulizwa sana.

Hapa lugha ina la kusema. Kiswahili kina neno ulanguzi, kununua ili kuuza ghali baadaye. Tanzania, katika msako wa wahujumu uchumi wa 1983, mlanguzi alikuwa mtu wa kukamatwa, aliyeficha sukari na sabuni. Mwaka 2008 mtu aliyekopa ili anunue Juni na kuuza wiki hiyohiyo aliitwa mwekezaji. Tunadhani mwanafunzi akipewa maneno haya mawili pamoja ataelewa zaidi kuliko akipewa orodha ndefu ya istilahi.

Safaricom iliingia sokoni tarehe 9 Juni 2008 na siku hiyo ikapita shilingi 7. Kisha msukosuko wa fedha wa dunia ukafika. Machi 2009 fahirisi ilikuwa chini ya 2,500, na hisa ya Safaricom ilikuwa imepoteza karibu nusu ya bei yake ya kuuzia. Waliokopa walilazimika kuuza ili walipe benki. Kampuni yenyewe iliendelea na kazi. M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, ilizidi kuenea, na mwaka 2021 hisa ileile ilipita shilingi 40.