Mrija wa zirkoni na tope la Mkuju

Mjadala wa urani ya Mto Mkuju ulianza na fedha, ukahamia kwenye ramani pale Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokubali mwaka 2012 kumega kipande cha Pori la Selous kupisha mgodi, na ukaamka tena Julai 2025 mtambo wa majaribio ulipozinduliwa Namtumbo. Watu wa delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, hutajwa kwa nadra, ilhali maji ya bonde la Mkuju huishia kwao. Hoja yao nzito kuliko zote imo katika historia ya metali ambayo haichimbwi Mkuju: zirkoni.

Mkemia Klaproth aliitambua Berlin mwaka 1789, kisha ikakaa karne moja na nusu bila kazi kubwa. Baada ya Vita vya Pili, Hyman Rickover wa jeshi la majini la Marekani alitafuta metali ya kufunika urani ndani ya kinu cha nyambizi: istahimili maji moto, isimeze nutroni. Zirkoni ilifaa, ila sharti itenganishwe kwanza na hafni, pacha wake anayezimeza. Hata hivyo ililika na kutu bila mpangilio. Wahandisi wakaongeza bati; halafu, kwa bahati tu, chuma cha pua kikaingia kwenye kalibu moja na aloi ikatoka bora zaidi. Ndiyo Zircaloy-2, iliyotumika katika Nautilus, nyambizi iliyoshushwa majini Januari 1954. Baadaye ikaonekana kwamba metali hufyonza hidrojeni ya maji, ikajaa vibamba vinavyoifanya ivunjike kama kigae, na nikeli, iliyochochea ufyonzaji huo, ikapunguzwa. Tarehe 1 Agosti 1983, katika kituo cha nyuklia cha Pickering, Kanada, mrija wa shinikizo wa Zircaloy-2 ulipasuka urefu wa takriban mita 2, na mirija ya aina hiyo ikabadilishwa kwa aloi yenye niobi. Kwa ukuta wa mrija wa fueli usiofika milimeta 1, wahandisi wamefanya utafiti wa miaka 70.

Mgodini hakuna mrija. Urani ikishatolewa, takriban asilimia 85 ya mnunurisho wa mawe hubaki kwenye tope la mabaki, ukiwamo wa radi (radium), ambayo hupungua nusu kila miaka 1,600. Tope hilo hulala kwenye bwawa la udongo na turubai, chini ya mvua za masika. Atasemaje mtu kwamba fueli inahitaji ukali wote ule na mabaki yanatosha kwa ahadi?

Wapo watakaojibu kwamba Namtumbo ni mbali, na kwamba Bwawa la Mwalimu Nyerere litanasa mchanga kabla haujafika delta. Mchanga, sawa. Lakini urani huyeyuka katika maji yenye oksijeni, na kilichoyeyuka hakitui chini ya bwawa. Hupita kwenye mitambo ya umeme pamoja na maji. Umbali hupunguza kiasi, nalo ni jambo la kupimwa, si la kudhaniwa. Na chakula cha watu kimo humo: mpunga wa delta hulimwa kwenye tope lenyewe la mto, na kamba hukulia kwenye mizizi ya mikoko.

Basi Tume ya Nguvu za Atomu na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji wapime maji na tope la Salale na Nyamisati, huko deltani, kabla uchimbaji mkubwa haujaanza, warudie kila mwaka, na majibu yabandikwe kwenye ofisi za vijiji.