Wayahudi wa Mbale na majirani zao

Nilipomwambia mama jirani wa bloku yetu kwamba hapa hapa Uganda kuna Wayahudi weusi, wanalima kahawa karibu na Mbale, alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Mwanangu, Wayahudi si wako Israeli?" Na mimi nilicheka hivyo hivyo siku ya kwanza.

Wanaitwa Abayudaya. Walianza na Semei Kakungulu, Muganda aliyekuwa mkuu wa vita. Aliwasaidia Waingereza kuteka Uganda ya mashariki akitumaini watampa ufalme. Hawakumpa. Alikuwa Mprotestanti, akaingia dhehebu la Wamalaki, lile lililokataa dawa za hospitali, na kadiri alivyosoma Agano la Kale ndivyo alivyozidi kuondoka kwenye Ukristo. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe. Alifariki 1928.

Ujirani haukuwa rahisi. Waliitwa wauaji wa Yesu. Halafu akaja Idi Amin, akapiga marufuku dini yao. Wengi wakabatizwa, wengine wakasilimu, na waliobaki, kama watu 300 hivi, walisali kwa kujificha hadi Amin alipoangushwa 1979. Sasa fikiri kidogo: Mkristo anayepakana shamba na Myahudi pale kilima cha Nabugoye, huenda bibi yake mwenyewe aliwasha mishumaa ya Sabato. Waliotukanana walikuwa ndugu.

Mmoja wao, J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akaona kwa macho yake minara ikishambuliwa. Alirudi nyumbani na wazo moja. Mwaka 2004 alizunguka mlango kwa mlango kwa Wakristo, kwa Waislamu, kwa Wayahudi wenzake, akiwaomba waanzishe ushirika wa kahawa. Wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu kwa Kiganda.

Hakwenda na mahubiri tu, na hapo ndipo ninapomsifu. Miaka ile bei ya kahawa duniani ilikuwa imeanguka vibaya. Mkulima mwenye magunia mawili hana sauti mbele ya dalali. Atapewa bei yoyote na atasema asante. Wakiwa wengi, kahawa yao ikawa mzigo wa kutosha kumpata mnunuzi wa California, na bei ikawa ya biashara ya haki. Uongozi waliuchanganya, dini zote tatu mezani. Ukiuza buni mbovu, unamharibia jina Myahudi, Mkristo na Mwislamu kwa pamoja.

Sisi kambini semina za kuishi kwa amani tumehudhuria nyingi. Soda, biskuti, picha ya pamoja, halafu jioni tunagombana bombani kama jana. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa msikasirike, soda tunaipenda. Lakini mizani moja ya kupimia mazao yetu wote, hiyo bado hatujaiona.

Mwaka 2016, Gershom Sizomu, rabi wa Abayudaya, aligombea ubunge wa Bungokho Kaskazini. Wayahudi katika jimbo lile ni wachache mno, hata wangepiga kura wote wasingemfikisha popote. Akashinda, kwa kura za Wakristo na Waislamu.