Panya Hali Shaba: Habari za Nyaya, Mchwa na Njia ya Misafara ya Tabora

Mwenye gari yeyote wa Tabora anaijua habari hii. Gari limeegeshwa wiki mbili chini ya mwembe. Siku ya safari unazungusha ufunguo, halijibu. Au linawaka, ila taa zote za dashibodi nazo zinawaka. Fundi anafungua boneti, anachomoa konzi ya majani makavu na vipande vya nyaya, anatikisa kichwa: panya.

Wengi wetu tunadhani huu ni mkosi wa zama za magari. Sivyo, ndugu msomaji. Kwenye njia hii ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, binadamu amekuwa akigombania mali yake na viumbe wenye meno tangu kabla gari la kwanza halijatengenezwa. Wazee walijifunza mambo ambayo yanafaa hata leo chini ya boneti.

Tuanze na waya wenyewe. Waya haukuletwa Unyamwezi na gari wala umeme. Katikati ya karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilibeba mali kubwa tatu: nguo kama merikani na kaniki, shanga, na masango, yaani waya nene za shaba ya njano. Waya huo ulikuwa fedha. Ulinunua chakula, ulilipa hongo kwa watemi wa njiani, ukageuzwa bangili. Mizunguko yake ilining'inizwa kwenye ncha mbili za mti, mzegazega, mpagazi akaupitisha begani. Nguo zilikazwa kuwa robota refu lililoitwa mtumba, na ndiyo maana leo tunavaa mitumba. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi, akatembea miezi mitatu kutoka pwani hadi Tabora.

Sasa mzigo kama huo unalindwaje usiku porini? Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh (ndivyo makazi ya Waarabu pale Tabora yalivyoitwa) mwezi Novemba 1857, aliyaandika mengi ya namna hii. Robota la nguo lilifungiwa vijiti ili likiegemezwa lisiguse ardhi, kwa kuogopa unyevu na mchwa. Wanyamwezi walikuwa na vilindo, makasha ya mviringo ya magome ya mti, ya kuwekea nafaka na vitu vya nyumbani. Kanuni ni rahisi: inua mzigo, ufunike kwa kitu kigumu, na usiuache ukae mahali pamoja muda mrefu.

Kanuni hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu Tabora, maana ulikuwa mji wa kusubiri. Misafara ilisubiri mvua zipungue, ilisubiri wapagazi waliokwenda kulima, ilisubiri vita viishe. Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, mali ilirundikana ndani ya matembe. Na mali iliyorundikana ni karamu.

Ushahidi upo Kwihara, kilomita chache nje ya mji, palipo na tembe ambalo leo ni makumbusho. Februari 1872 Henry Stanley na David Livingstone waliwasili hapo wakitokea Ujiji. Walipofungua shehena ya Livingstone iliyokuwa ikimsubiri Unyanyembe walikuta msiba. Mchwa walikuwa wamelila kasha la bunduki, kisha wakazila bunduki zenyewe sehemu zote za mti. Mitutu ilikuwa imeshika kutu.

Hadi hapo tunaamini. Lakini chupa za brandi nazo zilikuwa tupu, na vizibo vyake vilikuwa vimetolewa, mahali pake pamewekwa magunzi ya mahindi! Stanley aliandika kwa kejeli kwamba mchwa hao walikunywa pombe na kuziba chupa. Kila mtu anaelewa alichomaanisha. Mchwa anakula kasha, lakini hazibi chupa kwa gunzi.

Turudi kwenye gari. Panya hatafuni waya kwa njaa tu. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima ayanoe kwenye kitu, na ganda la plastiki linamfaa. Injini iliyotoka safari ina joto na ina giza. Halafu kuna majira. Mvua za Tabora huanza Novemba hadi Aprili. Panya shamba huzaliana kwa wingi chakula kinapokuwepo, na jike ana chuchu hadi 24, kwa hiyo hesabu unaweza kuifanya mwenyewe. Mavuno yakishaingia ndani na shamba likibaki tupu, naye anahamia nyumbani. Kiangazi ndicho kipindi cha hatari.

Basi tumia kanuni za msafara. Usiegeshe karibu na ghala la mahindi, gunia la pumba au kichaka. Usisafirishe nafaka ukaacha punje zimemwagika ndani. Gari lisilosafiri liwashwe na lisogezwe kila baada ya siku chache, na boneti lifunguliwe ukague. Matundu ya kuingizia hewa yazibwe kwa wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita 6, na nyaya zilizo wazi zivalishwe bomba gumu. Kampuni ya Honda inauza utepe wa kuzungushia nyaya uliotiwa ukali wa pilipili. Sumu iwe ya mwisho, kwa sababu panya aliyekula sumu anaweza kumuua paka au bundi anayemla. Na huyo bundi tunayemrushia mawe eti ni mchawi, kazi yake ya usiku ni kuwinda panya. Usidharau waya uliochunwa: nyaya mbili zikigusana, fyuzi inaungua, na mara nyingine gari zima linashika moto.

Lakini kubwa kuliko yote ni lile gunzi la Kwihara. Dereva akikabidhi gari ambalo haliwaki na kusema ni panya, bosi mmoja anamkata mshahara bila kuangalia, mwingine anakubali bila kuangalia. Wote wawili wamekosea. Panya anaacha alama: waya una makovu ya meno, kuna mavi, kuna harufu ya mkojo, kuna kiota. Waya uliokatwa kwa kisu ni laini na umenyooka. Na panya huchuna ganda, anaweza hata kuukata waya, lakini hali shaba. Vipande vitabaki pale pale. Ukikuta mita mbili za waya hazipo kabisa, jua panya huyo ana miguu miwili na anamfahamu mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa hiyo kabla ya kumfukuza mtu kazi au kumsamehe, fungua boneti uangalie mwenyewe. Panya akihukumiwa kwa kosa lake apate adhabu yake, na dereva asiyekuwa na kosa apate mshahara wake wote.