Picha ya Jalada: Ukanda Ulioanza kwa Marufuku

Septemba 22, 2011, jijini San Francisco, Mark Zuckerberg alionyesha sura mpya ya ukurasa wa Facebook. Juu kabisa palikuwa na picha pana, ukingo hadi ukingo: picha ya jalada. Miongoni mwa waliousanifu ukurasa huo ni Nicholas Felton, aliyejipatia jina kwa kuchapisha kila mwaka ripoti ya maisha yake mwenyewe kwa chati na takwimu. Jalada lilikusudiwa kusimulia maisha ya mtu, si kutangaza bidhaa.

Wafanyabiashara walipopewa ukanda huo mwanzoni mwa 2012, wakakuta masharti: pikseli 851 kwa 315, bei marufuku, anwani marufuku, hata kumhimiza mteja anunue marufuku. Januari 2013 ukaja ukomo wa maandishi, asilimia 20. Picha iligawanywa miraba 25. Maneno yakigusa zaidi ya miraba 5, haikubaliki. Mwaka haukuisha, ukomo huo na zile marufuku vikafutwa.

Mimi naona masharti yale yaliwanoa wasanifu. Muuza viatu aliyezuiwa kuandika bei alilazimika kuonyesha kiatu chenyewe, ngozi yake na mshono wake. Leo majalada mengi yamesheheni namba za simu, bei na bidhaa kumi kwa pamoja, jicho halipati pa kutua. Inauma, maana hapo ndipo mteja anapoangalia kwanza.

Twitter nayo ilileta jalada lake Septemba 2012, YouTube na LinkedIn zikafuata, kila mtandao na vipimo vyake. Lakini kilichowasumbua mafundi zaidi ni simu. Facebook ilikuja kuonyesha jalada kwa pikseli 820 kwa 312 kwenye kompyuta, na 640 kwa 360 kwenye simu. Ukiandaa picha ya 820 kwa 360, simu inakula 90 kila upande, kompyuta inakula 24 juu na 24 chini. Jina la biashara lililowekwa pembeni husomeka nusu.

Vurugu hizo za vipimo ndizo zilizofanya kazi hii ikabidhiwe programu. ImageMagick, aliyoianza John Cristy mwaka 1987 akiwa kampuni ya DuPont, tangu zamani ilikuwa ikikata picha na kubandika maandishi kwa amri moja tu. Canva ya Australia, 2013, ikawapa violezo wasiojua kuandika amri. Twitter nayo ikaruhusu programu kupandisha jalada bila mkono wa mtu, hivyo tangazo la wiki likaweza kujibadilisha lenyewe: fundi anaandaa kiolezo kimoja, anaacha nafasi ya tarehe na ujumbe, programu inajaza, inakata na kupandisha.

Ila kosa la kiolezo huenea katika nakala zote kwa mkupuo. Ndiyo maana fundi makini huchora kwanza eneo la katikati lisilokatwa na kifaa chochote, akaweka jina na nembo humo, ndipo aanze kushughulikia rangi na mandhari.